Msingi Kabla ya Ghorofa: Wanetu na Masomo ya Sayansi, Uhandisi na Famasia

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Kila yatokapo matokeo ya kidato cha nne, na nafasi za vyuo vikuu zikatangazwa, wazazi huja na furaha iliyochanganyika na wasiwasi. Mwana amepata nafasi ya uhandisi, au binti ameitwa kusoma famasia. Alhamdulillahi. Baada ya miezi michache swali hugeuka. Mama huuliza: "Sheikh, mwanangu amekwenda kusomea dawa, mbona anafundishwa hisabati na kemia tupu? Dawa zenyewe atazisoma lini?" Baba huuliza: "Kijana alitaka kujenga madaraja, na mwaka mzima umekwisha hajajenga hata kibanda." Na mwanafunzi mwenyewe, akiwa peke yake katika mji wa ugenini, huanza kuamini kuwa amepotea njia.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Masomo hayo yanayolalamikiwa ndiyo yaitwayo masomo ya msingi, ambayo chuo hakimruhusu mwanafunzi kuyakwepa. Mwenye kuyashika vyema hupata nafuu katika miaka inayofuata, na mwenye kuyapita kwa kubahatisha huyakuta tena mbele yake kila mwaka, yakiwa yamevaa majina mapya.

Mfano kutoka chuo chetu cha kwanza

Sisi watu wa Pwani tulilijua neno "chuo" kabla ya kuja vyuo vikuu. Mtoto alitiwa chuoni, akaanza na herufi, kisha irabu, kisha akaunganisha, ndipo akafika Juzuu Amma. Aliyeendelea alifundishwa Safina katika fiqhi na Ajurumiyya katika nahau. Wanazuoni wetu waliziita nahau na sarufi elimu za ala, yaani elimu zilizo kama vyombo vya kufanyia kazi. Kijana aliyetamani darsa la tafsiri siku ya kwanza aliambiwa angoje, kwa kuwa asiyejua kipi ni kitendo na nani ni mtendaji ataifasiri aya kinyume na maana yake, naye asijue kuwa amekosea.

Hesabu na fizikia kwa mhandisi, na kemia na fiziolojia kwa mfamasia, ni elimu za ala vilevile. Mwanafunzi wa famasia huanza na kemia ya kikaboni, biokemia, anatomia na fiziolojia. Akishajua jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mzima, na jinsi chembe za vitu zinavyoshikana na kuachana, ndipo anapofunguliwa mlango wa famakolojia, yaani elimu ya athari ya dawa mwilini, na elimu ya kutengeneza vidonge, dawa za maji na malhamu. Mwanafunzi wa uhandisi huanza na kalkulasi, aljebra, fizikia, uchoraji wa kihandisi, kazi za karakana na programu za kompyuta. Kisha huingia katika nguvu za vitu, mwendo wa maji, joto na umeme. Kila somo linakaa juu ya mgongo wa lililotangulia.

Twende Londiani

Ili maneno haya yasibaki hewani, nawaalika wasomaji twende pamoja hadi Londiani, mji mdogo wa kaunti ya Kericho, juu katika nyanda za Mau. Baadhi yetu tuna jamaa huko, waliofuata biashara au ajira. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901 inapita hapo, baada ya kupanda kilele cha Mau na kabla ya kuteremka kuelekea ziwani. Upande wa magharibi, kuelekea mji wa Kericho, huanza mashamba ya chai yaliyotandikwa kama zulia la kijani. Londiani yenyewe ni nchi ya baridi, ya misitu, viazi na mahindi. Hapo pana chuo cha misitu cha taifa, ambacho kimekuwa kikifundisha wasimamizi wa misitu tangu kabla ya uhuru, na pana kituo cha utafiti wa misitu pia.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu mtu wa Pwani akifika huko, mambo aliyoyazoea nyumbani hubadilika machoni pake, na kila badiliko lina somo lake la msingi linalolieleza.

Hisabati: kibla, futari na urefu wa mti

La kwanza ni kibla. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, na kwa hivyo mwenye kuswali Mombasa huelekea kaskazini takriban kamili. Londiani iko magharibi zaidi, kiasi cha digrii nne. Huko kibla huwa kaskazini ikipinda kuelekea mashariki kwa digrii 10 na nusu hivi. Aliyehama kutoka Mombasa akashika kaskazini kamili kwa mazoea, huwa amekiacha kibla upande wake wa kulia. Pembe hiyo hupatikana kwa hesabu ya pembe juu ya tufe, inayotumia latitudo na longitudo za miji miwili. Mwanafunzi anayeuliza sini na kosini zitamfaa nini maishani, mjibuni kuwa zimewafaa Waislamu katika swala tano za kila siku kwa zaidi ya miaka elfu.

La pili ni futari. Digrii moja ya longitudo ni sawa na dakika nne za jua. Kwa hivyo jua huchelewa kuzama Londiani kuliko Mombasa kwa wastani wa dakika 16 hivi, na tofauti hiyo huongezeka au kupungua kwa kufuata misimu ya mwaka. Familia ya Londiani inayofungua saumu kwa adhana ya Mombasa iliyosikika redioni huwa imekula kabla ya jua kuzama, na saumu ya siku nzima imeharibika. Kwa hesabu ndogo ya kuzidisha nne kwa nne, saumu ya jamaa nzima husalimika.

La tatu ni mti. Wanafunzi wa chuo cha misitu hawapandi kila mti kwa kamba ili waupime. Husimama mbali, wakaitazama ncha yake kwa chombo cha kupimia pembe. Pembe ikiwa digrii 45, na ardhi ikiwa tambarare, basi umbali kutoka aliposimama hadi shinani, ukiongezwa kimo cha macho yake, ndio urefu wa mti. Kwa njia hiyo na kwa kupima unene wa shina hukadiria mbao zilizomo msituni kabla ya kukatwa mti wowote. Hisabati iliyotuonyesha kibla ndiyo iliyotupimia mti. Al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, aliitumia hesabu ya jinsi hii kupima kimo cha mlima, kisha kutoka kileleni akapima pembe ya upeo wa macho na kukadiria ukubwa wa dunia. Yeye huyo aliandika kitabu juu ya kutafuta mahali pa miji na kibla chake, na uzeeni akaandika kitabu kikubwa cha famasia. Hakuona ajabu hesabu na dawa kukaa katika kichwa kimoja.

Fizikia: maharagwe yasiyoiva

Mama wa Pwani akihamia Londiani, lalamiko lake la kwanza jikoni huwa ni maharagwe. Kuni ni zilezile, sufuria ni ileile, lakini maharagwe hukawia kuiva. Wengine hulaumu maji, wengine hulaumu mbegu. Sababu ni kimo cha mahali. Mombasa iko usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Londiani iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi na haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza Pwani. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, na kwa hivyo huko maji huchemka kwa nyuzi 92 au 93. Ukizidisha moto, maji yatakauka upesi tu, lakini hayatapata joto zaidi.

Dawa yake ni sufuria ya presha. Ukiufungia mvuke ndani, mkandamizo hupanda, na joto la maji hupanda pamoja nao. Kanuni hii ya jikoni ndiyo ya mtambo wa hospitali wa kusafishia vyombo vya upasuaji, ambao huufikisha mvuke katika nyuzi 121 ili viini vya maradhi vife. Na ndiyo kanuni ya matangi ya mvuke katika viwanda vya chai vya Kericho.

Tazameni safari ya jani la chai kabla halijafika katika birika zetu. Huchumwa, likapepewa hewa mpaka linyauke, likakatwakatwa na kusagwa kwa mashine, likaachwa liingiliane na hewa mpaka ligeuke rangi ya shaba, kisha likakaushwa kwa hewa moto na kuchungwa kwa ukubwa wa chembe. Kilo moja ya majani makavu hutokana na kilo nne na ushee za majani mabichi. Zilizobaki ni maji yaliyofukuzwa kwa joto. Hewa ikiwa ya moto kupita kiasi, chai huungua. Ikiwa baridi, huota ukungu ghalani. Anayeamua kiasi ni mhandisi, naye huamua kwa somo la joto na mvuke alilolisoma chuoni akiwa amechoka na usingizi, huku akijiuliza litamfaa nini. Kuni za kuchemshia matangi hayo hutoka katika miti iliyopandwa kwa mpango, na kwa hivyo kiwanda hurudi tena kwa msomi wa misitu na pembe zake.

Kemia na famasia: kutoka ua la pareto hadi chandarua

Katika nyanda za juu za Mau hulimwa pareto, ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano. Zamani Kenya iliongoza duniani kwa zao hili. Ndani ya ua mna dutu inayoua wadudu na isiyomdhuru sana binadamu. Kasoro yake ni kuwa huharibika upesi kwa jua. Wanakemia waliuchunguza muundo wake, wakajua kila chembe imekaa wapi, kisha wakatengeneza dutu zinazofanana nayo lakini zinazovumilia zaidi. Leo dutu za jamaa hiyo ndizo zinazotiwa katika vyandarua wanavyopewa mama wajawazito kliniki, na katika dawa za mbu tunazowasha vyumbani Mombasa, Lamu na Malindi. Mama anayemfunika mwanawe chandarua jioni anafunikwa, bila ya kujua, na somo la kemia ya kikaboni, lile lile ambalo binti yake amepiga simu akilia kuwa limemshinda.

Na chai yenyewe je? Katika jani lake mna kafeini, inayoondoa usingizi, na mna dutu chungu zinazokamata madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Mama mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma ili damu yake isipungue. Akivimeza kwa kikombe cha chai ya rangi, sehemu ya faida yake hupotea. Wafamasia hushauri vidonge hivyo vimezwe kwa maji, na chai ingojee saa moja au mbili. Nyumba nyingi za Pwani huianza siku kwa chai na kuimaliza kwa chai. Basi tazameni jinsi maneno machache ya mjuzi yanavyoweza kumlinda mama na mwana aliye tumboni.

Katika misitu ya huko juu umo pia mti ambao Wagikuyu huuita muiri, na wanasayansi huuita Prunus africana. Gamba lake hutengenezewa dawa ya wazee wanaopata taabu ya mkojo kwa sababu ya kuvimba tezi. Mti huo uliandamwa kwa kubanduliwa magamba hata biashara yake baina ya mataifa ikawekwa chini ya udhibiti tangu mwaka 1995. Hapo mfamasia na mtu wa misitu hukutana: mmoja anaijua dawa iliyo katika gamba, wa pili anajua namna ya kulivuna mti usife.

Kwa nini twamhitaji mfamasia aliye miongoni mwetu

Mfikirieni mgonjwa wa Ramadhani. Ameandikiwa dawa mara tatu kwa siku, naye anataka kufunga. Wengine huacha dawa kimyakimya, wakajidhuru. Wengine huacha saumu ilhali palikuwa na njia. Mfamasia mjuzi, akishauriana na daktari, huweza kutafuta dawa ya kundi hilo inayomezwa mara moja au mbili, ikapangwa wakati wa daku na futari. Au akasema wazi kuwa maradhi haya hayaruhusu, na ruhusa ya dini ichukuliwe bila ya dhiki. Mfikirieni tena anayeuliza kuhusu vidonge vyenye ganda la jelatini, ambayo hutokana na wanyama: je, ni mnyama gani, na je, ipo dawa hiyo hiyo katika sura ya tembe au maji? Na mwanamke mwenye swali la siri asiloweza kumwambia mwanamume dirishani, humrudisha nani?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba na hisabati katika Ihyaa Ulumid-Din kuwa ni fardhi kifaya, wajibu ambao wakiutimiza baadhi yetu hutuondokea sote, na wakiuacha wote tunapata dhambi sote. Akasikitika kuwa miji ya zama zake ilikuwa ikikosa tabibu Mwislamu, na huku watu wamesongamana katika fiqhi. Aliyesema hayo alikuwa faqihi mwenyewe. Nasi wenye madrasa tuna haki ya kuyasikiliza zaidi kuliko wengine.

Elimu hii si mgeni kwetu

Lugha yetu yashuhudia. Hisabati, sifuri, falaki, dawa, tabibu, mhandisi: maneno yote haya yalitufikia kwa Kiarabu, na yalitufikia kwa kuwa watu wa dini yetu walizishughulikia elimu hizo. Neno aljebra limetokana na jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mtu wa karne ya 9. Ibn al-Haytham aliichunguza nuru kwa majaribio. Na wanawake walikuwamo: katika karne ya 10, mjini Halab, alikuwapo al-Ijliyya, binti wa fundi, aliyetengeneza usturlabu, chombo cha kupimia nyota na nyakati. Katika zama zetu Maryam Mirzakhani wa Iran alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupewa nishani ya Fields, heshima kubwa ya hisabati, mwaka 2014.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa Mombasa, mwaka 1948, ilianzishwa taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa kifupi MIOME. Waliochangia walikuwamo Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, na Aga Khan, na jamii ya Mabohora, pamoja na serikali ya wakati ule. Lengo lilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Taasisi hiyo ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kinachopokea wanafunzi wa dini zote. Wazee wetu waliona mapema kuwa umma usio na mafundi na wahandisi utakuwa wa kuazima kila kitu. Majengo waliyoyaacha tunayapita kila siku. Ni vyema tuyapite tukijua yalijengwa kwa nia gani.

Binti na safari ya mbali

Najua lililo nyoyoni mwa mama wengi. Binti akiitwa chuo cha bara, katika nchi ya baridi, mbali na macho ya wazazi, hofu huwa kubwa kuliko furaha. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwani mzazi ni mchunga na ataulizwa. Lakini hofu hutibiwa kwa mipango. Ulizieni kwanza kama chuo kina jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu na mahali pa kuswalia. Ulizieni makazi ya wasichana yaliyo ndani ya chuo. Tafuteni jamaa au familia ya Kiislamu iliyo karibu, kwani katika miji mingi iliyo kando ya reli hamkosekani msikiti. Nendeni naye siku ya kwanza, mkae siku mbili, mjue milango ya kuingilia na watu wa kuwapigia simu.

Kuhusu karakana na maabara, hijabu hairuhusiwi kuning'inia karibu na mashine inayozunguka wala juu ya moto, na hilo ni agizo la kuhifadhi nafsi. Mtandio uliofungwa vizuri na kuchomekwa ndani ya koti la maabara husitiri na husalimisha. Binti asiambiwe kuwa stara na uhandisi haviwezi kuchukuana.

Na yule anayesema binti atasoma miaka mitano kisha aolewe elimu ipotee bure, nimjibu kwa upole: elimu ya dawa haipotei katika nyumba yenye watoto na wazee. Na nikahi inaweza kuwekewa sharti la kukamilisha masomo, likaandikwa na kushuhudiwa kabla ya kufungwa.

Nasaha kwa wazazi na wanafunzi

Kwanza, angalieni milango kabla haijafungwa. Famasia hutaka baiolojia na kemia, pamoja na hisabati au fizikia. Uhandisi hutaka hisabati, fizikia na kemia. Katika mtaala wa kidato, mwanafunzi aliyeiacha fizikia alipoingia kidato cha tatu huwa ameuaga uhandisi akiwa na miaka 16, mara nyingi bila ya kumwambia yeyote. Katika mtaala mpya uamuzi huo huja kabla ya kuingia gredi ya 10, mwanafunzi anapochagua njia ya sayansi au nyingine. Mzazi akae na mwanawe wakati huo, asisubiri majibu ya mwisho.

Pili, hakikisheni kozi inatambuliwa. Shahada za famasia na uhandisi nchini Kenya huchukua miaka mitano. Mfamasia husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu baada ya mwaka wa mazoezi kazini; mhandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Ulizeni bodi husika, kabla ya kulipa ada, kama shahada ya chuo hicho inakubaliwa.

Tatu, wasiofikia alama za shahada wasikate tamaa. Iko diploma ya teknolojia ya famasia katika vyuo vya mafunzo ya utabibu, ziko kozi za ufundi, na iko misitu hapo Londiani kwa ngazi ya cheti na diploma. Wengi hupanda ngazi hizi na kufika juu wakiwa na mikono iliyozoea kazi.

Nne, namna ya kusoma. Masomo haya hayahifadhiwi kama mashairi. Mwanafunzi afanye maswali kwa mkono wake kila siku, hata manne tu, naye asitazame jibu kabla hajatoka jasho. Alipie deni la wiki hii wiki hii, kwani kalkulasi ya wiki ya pili ikiachwa, ya wiki ya sita huwa giza. Asome na wenzake wawili watatu, wafundishane kwa zamu kama tulivyokuwa tukidurusu msikitini. Anayemfahamisha mwenziwe hugundua asichokijua yeye mwenyewe. Na amwendee mwalimu mapema.

Tano, akianguka katika somo moja, nyumba isigeuke matanga. Vyuo vina mtihani wa kurudia. La hatari ni kuficha. Mtoto anayeogopa kufokewa hunyamaza mpaka deni la masomo limzidi, akaacha chuo bila ya kuaga. Mama ambaye amesoma makala haya anaweza sasa kuuliza swali jepesi katika simu: "Kemia yaendaje, mwanangu?" Kuulizwa kwa jina la somo humwambia mtoto kuwa nyumbani wanaijua vita anayopigana.

Sita, fedha. Mikopo ya serikali ya wanafunzi huja na nyongeza juu ya deni, na wazazi wengi huona uzito wa riba. Waulizeni wanazuoni wenu juu ya hali yenu, kila mmoja na dharura yake. Lakini tusiwaachie wanafunzi fatwa peke yake. Ilivyowezekana mwaka 1948 kujenga chuo kwa michango, haishindikani leo kila msikiti mkubwa kuwa na wakfu mdogo, nyumba moja au duka moja, ambalo kodi yake humsomesha mwanafunzi mmoja wa famasia au uhandisi mpaka amalize, naye akamkamata mkono mwenziwe.

Ndugu zangu, amri ya kwanza iliyomshukia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ilikuwa ni kusoma. Tunawaombea wanetu walio katika maabara za Nairobi na Njoro, karakana za Mombasa na misitu ya Londiani, Mwenyezi Mungu awafungulie fahamu zao, awape subira na yaliyo magumu, azihifadhi dini zao na stara zao, na awarudishe kwetu wakiwa ni wenye kunufaika na kunufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.